Mguu Mfupi, Mfuko Mfupi: Soma Hapa Kabla Hujalipia Kurefushwa Mfupa

Ukitajiwa bei ya kurefusha mguu, usifurahi haraka wala usizimie. Bei hiyo ni ya saa chache za chumba cha upasuaji. Kinachokausha mfuko ni miezi inayofuata: nauli za kliniki, picha za eksirei, pango la chumba karibu na hospitali, na siku ambazo mgonjwa haingizi kitu na anayemuuguza haingizi kitu. Kwa hiyo usimuulize daktari "ni shilingi ngapi?" ukaishia hapo. Muulize "ni miezi mingapi, na nani atanishika mkono miezi yote hiyo?"

Kanda ya Ziwa ina sababu zake za miguu mifupi. Inayojulikana zaidi ni ajali ya bodaboda. Mfupa wa paja unavunjika, ndugu wanaogopa gharama za hospitali, wanampeleka kwa muunga mifupa wa jadi, mfupa unaunga ukiwa umepandana. Mtu anatoka hapo mguu umepungua sentimita tatu au nne. Kwa watoto mara nyingi ni usaha ndani ya mfupa, hasa kwa wenye seli mundu, ugonjwa ambao huku kwetu upo kwa wingi. Wengine wamezaliwa hivyo.

Kama umevunjika majuzi na mfupa haujakomaa, acha gazeti uende hospitali wiki hii. Kurekebisha mfupa ambao bado ni mbichi ni kazi ya upasuaji mmoja. Ukisubiri mpaka ukomae ukiwa mfupi, ndipo unapoingia kwenye gharama zinazozungumzwa hapa.

Pima kwanza

Usijadili bei na mtu ambaye hajakupa namba. Mguu wako umepungua sentimita ngapi, na upungufu uko kwenye paja au kwenye muundi?

Kipimo cha bei nafuu kuliko vyote ni vibao. Unasimama, mguu mfupi unawekewa kibao cha sentimita moja, kisha kingine, huku daktari au mtaalamu wa fiziotherapia akitazama mifupa ya nyonga mpaka ikae sawa. Idadi ya vibao ndiyo jibu. Hulipi zaidi ya ada ya kumwona. Usidharau kipimo hiki kwa sababu hakina mashine. Wataalamu wa nchi tajiri wanakitumia mpaka leo.

Picha ya eksirei inakuja baadaye, nayo iwe ya miguu yote miwili kutoka nyonga hadi kifundo, yenye rula ya kipimo pembeni. Uliza kabla ya kulipa kama mashine yao inaweza kupiga picha ya namna hiyo. Ukipigwa vipande vitatu visivyo na kipimo, umelipia karatasi, na hospitali ya rufaa itakupiga upya.

Ukishapata namba, hesabu inakwenda hivi. Tofauti chini ya sentimita 2: usinunue kitu. Watu wengi wana tofauti ya sentimita moja na hawajui. Kati ya 2 na 5: soli, au kusimamisha ukuaji kwa mtoto, au kupunguza mguu mrefu kwa mtu mzima. Zaidi ya 5: hapo kurefusha kunaanza kuwa na hoja. Ikifika 15 au 20, upasuaji hautakuwa mmoja, na daktari mkweli atakutajia pia mguu bandia bila kuona haya.

Kwa mtoto, usiangalie tofauti ya leo tu. Msichana wa miaka 3, au mvulana wa miaka 4, ana karibu nusu ya urefu wa miguu atakaokuwa nao ukubwani. Aliyezaliwa na mguu mmoja mfupi, tofauti yake nayo hukua kwa uwiano huohuo: sentimita 2.5 za leo zitakuwa 5 akimaliza kukua. Mzazi anayeambiwa "tusubiri tuone" aombe tarehe ya kupimwa tena, iandikwe kwenye kadi.

Vitu vya bei ndogo ambavyo watu huviruka

Soli ndiyo ya kwanza. Sentimita moja, au moja na nusu, huingia ndani ya kiatu. Zaidi ya hapo hushonwa au kugundishwa chini, na fundi viatu mzuri wa Makoroboi anaiweza ukimpa kipimo sahihi. Mwambie anyanyue kiatu chote, kisigino na mbele, si kisigino peke yake; kisigino kikiinuka peke yake, mshipa wa nyuma ya kifundo hukaza na unapata tatizo la pili. Mpira wa tairi hudumu sana lakini ni mzito, na mguu mfupi mara nyingi ni dhaifu. Sponji ngumu ni nyepesi, huisha mapema, na kubadilisha ni bei ndogo. Mimi ningechukua sponji kwa kiatu cha kila siku, chini yake nikaweka utando mwembamba wa tairi.

Gharama iliyojificha ni kwamba viatu vyote lazima vinyanyuliwe: vya shule, vya ibada, hata kandambili za bafuni. Na ikipita sentimita 5 kiatu huyumba. Kwa anayepanda kila siku njia za mawe za Igogo au Bugarika, kifundo kitateguka.

Cha pili ni kusimamisha ukuaji wa mguu mrefu. Wazazi wengi hawajawahi kukisikia, na kwa thamani ya pesa hakuna kinachokishinda. Karibu na goti kuna gegedu ya ukuaji. Ya mfupa wa paja huongeza kama milimita 9 kwa mwaka, ya muundi kama milimita 6. Wasichana hukoma kukua miguu karibu na miaka 14, wavulana 16. Chukua msichana wa miaka 12 ambaye tofauti yake itafika sentimita 3. Daktari akisimamisha gegedu zote mbili kwenye mguu mrefu, mguu mfupi utapata nafasi ya kufuata: milimita 15 kwa mwaka, mara miaka miwili, sentimita 3. Vidonda ni vidogo, siku za wodini ni chache, hakuna vyuma vya nje, na shule haisimami kwa muhula mzima.

Anachopoteza ni sentimita 3 za urefu wa mwili ambazo angezipata. Malipo ya kuulizia mapema ni picha za ufuatiliaji kila baada ya miezi kadhaa, na kama wametumia vibati vidogo, gharama ya kuvitoa. Lakini duka hili lina tarehe ya kufungwa. Ukimleta binti huyo akiwa na miaka 13 na nusu, hakuna cha kusimamisha, na kilichobaki kwenye rafu ni vitu vya bei kubwa.

Kwa mtu mzima ipo njia ya kupunguza mguu mrefu. Mfupa wa paja hukatwa kipande cha sentimita 3 au 4, ukaungwa kwa chuma cha ndani. Ni upasuaji mmoja na kupona kama mtu aliyevunjika. Watu huikataa kwa sababu daktari anagusa mguu mzima, na nawaelewa. Ila dereva mwenye watoto wanne na tofauti ya sentimita 4 aisikilize hoja hii hadi mwisho kabla ya kuikataa, maana inaweza kumwokolea miezi minne au mitano ya kukaa bila kazi.

Kurefusha kwenyewe

Njia inayotumika dunia nzima ilianzishwa na daktari Gavriil Ilizarov huko Kurgan, Siberia, miaka ya 1950. Mfupa hukatwa, huachwa kama wiki moja, kisha huvutwa milimita moja kwa siku, robo milimita mara nne. Kwenye pengo huota mfupa mpya. Ukifika urefu unaotakiwa unaacha kuvuta, lakini vyuma vinabaki mpaka mfupa mpya ukomae, na kukomaa huchukua karibu mara mbili ya muda wa kuvuta.

Hesabu ya kubeba mfukoni: mwezi mmoja kwa kila sentimita kwa mtoto, mwezi mmoja na nusu au zaidi kwa mtu mzima. Sentimita 5 ni miezi mitano kwa mtoto, na miezi saba au minane kwa mtu mzima. Anayekuahidi sentimita 5 kwa miezi miwili anakuhesabia kuvuta tu, na kukomaa kwa mfupa amekunyamazia.

Vyuma vyenyewe havilingani bei wala matumizi.

Pete za kuzunguka mguu, zile ambazo mitaani huitwa antena, ndizo za kawaida. Ni imara, zinaweza kunyoosha mguu uliopinda huku zikiurefusha, na mara nyingi mgonjwa anaruhusiwa kuukanyagia. Ubaya ni uzito na matundu mengi ya kusafisha. Pete zinaweza kutumika tena kwa mgonjwa mwingine baada ya kusafishwa kwa utaratibu wa hospitali, na hilo hupunguza bei, usilikatae. Nyaya na misumari inayopita kwenye mfupa lazima iwe mipya. Uliza waziwazi: pete nazinunua au nazikodi, na kama kuna amana, narudishiwa lini na kiasi gani?

Reli ya upande mmoja ni nyepesi, inakaa vizuri kwenye paja, na suruali inavalika kwa shida kidogo tu. Kama mguu umenyooka na tatizo ni urefu peke yake, inatosha. Kama umepinda au umezunguka, reli ya bei ndogo inaweza kukurudisha chumba cha upasuaji.

Kuna wanaochanganya: chuma ndani ya mfupa, vyuma vya nje kwa muda wa kuvuta tu. Miezi ya kubeba antena inapungua, bei ya vifaa inapanda, na usaha ukiingia unaingia ndani. Aliyewahi kuwa na usaha kwenye mfupa huo asiikubali kirahisi.

Halafu kuna chuma cha ndani kinachorefuka kwa sumaku. Hakina tundu la nje, hakina usumbufu wa kusafisha. Chuma peke yake huzidi dola 10,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 20, kabla hujamlipa mtu yeyote. Bado hutakanyagia mguu kwa uhuru, bado kitatolewa baadaye. Kwa mfuko wa msomaji wa ukurasa huu, tuendelee mbele.

Niseme pia kuhusu wenye miguu sawa wanaotaka kuwa warefu. Matangazo ya kliniki za Uturuki na India yanawafuata kwenye simu, na bei zake ni makumi ya maelfu ya dola. Usiuze kiwanja kuvunja miguu miwili mizima. Na hizo dawa za kurefusha zinazouzwa kwa watu wazima ni hela ya kutupa: gegedu ya ukuaji ikishafunga, hakuna kidonge kinachoifungua.

Uende wapi

Anzia Bugando. Hospitali ile ya kilimani, iliyofunguliwa mwaka 1971, ndiyo ya rufaa kwa Kanda ya Ziwa na ina idara ya mifupa. Hata kama upasuaji utafanyika kwingine, utahitaji mtu wa Mwanza wa kukufuatilia. Usipande moja kwa moja bila barua. Pita hospitali ya wilaya au ya mkoa, kwa waliopo mjini Sekou Toure, uchukue rufaa. Bila hiyo bima inaweza kukataa na ukalipa kila kitu taslimu.

Ukiambiwa kesi yako inahitaji kwenda mbali, Dar es Salaam kuna MOI, taasisi ya mifupa iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, na kuna CCBRT, hospitali inayojulikana kwa watoto wenye ulemavu wa miguu. Moshi kuna KCMC, na palepale kuna chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na viatu vya tiba. Ila kutoka Mwanza hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,100. Zidisha nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi, kwa idadi ya kliniki, ndipo ulinganishe bei za upasuaji. Na mtu mwenye pete mguuni hakai kiti kimoja cha basi. Atalipia viwili, au atakaa njiani ameunyoosha mguu wapitaji waugonge.

Kwa walio mipakani hesabu hubadilika. Kijabe nchini Kenya kuna hospitali ya CURE, ya mifupa ya watoto, iliyofunguliwa mwaka 1998. Mtu wa Tarime au Sirari yuko karibu nayo kuliko Dar. Uganda kuna CoRSU, Kisubi, kwenye barabara ya Entebbe, nayo ni ya watoto na watu wenye ulemavu. Mtu wa Bukoba au Missenyi anavuka Mutukula akafika. Zote mbili hufanya kazi kwa misaada, kwa hiyo uliza mapema mchango wa familia ni kiasi gani. Unachopoteza ni bima ya nyumbani, ambayo usitegemee ikufuate ng'ambo. Ongeza hati ya kusafiria na kubadili fedha, na omba kliniki za ufuatiliaji zifanyike upande wetu.

Wa Sengerema mmepata nafuu yenu. Daraja la Kigongo hadi Busisi, kilomita 3 juu ya maji, lilifunguliwa Juni 2025, na mgonjwa hasubiri tena kivuko akiwa ameinua mguu. Wa Ukerewe bado mko kwenye ratiba ya meli. Kwenu nashauri mpange chumba mjini kwa muda wote wa kuvuta, hata kama ni cha bei ndogo Mabatini. Tundu likianza kutoa usaha Ijumaa jioni pale Nansio, utalia mpaka meli ifike.

Kambi za madaktari bingwa, zile za Mama Samia zinazokaa siku chache kwenye hospitali za halmashauri, zitumie kwa kupimwa na kupata ushauri. Ni fursa ya kumwona bingwa bila nauli. Kurefusha kusianzie hapo. Daktari anayeondoka Jumamosi hawezi kusimamia miezi minane.

Kumchagua daktari

Hakikisha kwanza ni daktari kweli. Baraza la Madaktari Tanganyika lina orodha ya waliosajiliwa, na bingwa wa mifupa hataona taabu kukuonyesha leseni yake. Vishoka wapo, hata wenye koti jeupe.

Bingwa wa mifupa naye si lazima awe mrefushaji. Anaweza kuwa hodari wa kuunga mapaja ya madereva wa bodaboda na hajawahi kurefusha hata mguu mmoja. Muulize bila woga, kwa heshima: daktari, umefanya ngapi za namna hii, na wangapi ulilazimika kuwarudisha chumba cha upasuaji? Anayejibu "hakuna hata mmoja" amefanya chache sana au anakuficha. Kazi hii ina matatizo kwa kawaida: usaha kwenye matundu, goti kukakamaa, kisigino kuinuka, mshipa wa fahamu kuvutika, mfupa kuunga mapema au kukataa kuunga. Unachotafuta ni anayekueleza atafanya nini yakitokea, na nani atalipia.

Omba kuongea na mgonjwa wake mmoja aliyemaliza. Dakika kumi na mtu huyo zitakufundisha zaidi ya tangazo lolote. Muulize alilala vipi, goti linakunjika kiasi gani, na jumla ya mwisho ilikuwa mara ngapi ya bei aliyotajiwa mwanzo.

Uliza nani atakuona daktari akiwa likizo au safarini. Uliza kama kuna fiziotherapia hospitalini hapo, siku ngapi kwa wiki. Mimi ningemchagua daktari wa kawaida mwenye mtaalamu wa fiziotherapia jengo hilohilo na kliniki isiyokosa, nikamwacha bingwa mwenye sifa kubwa anayeonekana mara moja kwa miezi mitatu. Mfupa ukivutwa vibaya wiki mbili bila mtu kuona, marekebisho yake yanaweza kugharimu sawa na mwanzo.

Bei ambazo hazipo kwenye karatasi

Omba makadirio kwa maandishi, kisha utafute kisichoandikwa. Mara nyingi hukosekana haya: ganzi na mtaalamu wake, vyuma vyenyewe, nyaya mpya, picha za kila wiki mbili wakati wa kuvuta na za kila mwezi baadaye, dawa za usaha, na kuvitoa vyuma. Hilo la mwisho huumiza wengi. Kuvitoa kunaweza kuhitaji chumba cha upasuaji na dawa ya usingizi, yaani bili nyingine kamili wakati akiba imekwisha.

Kabla ya upasuaji kuna wingi wa damu, kundi la damu, sukari, na kipimo cha seli mundu. Hicho cha mwisho usikiruke hata kama unajihisi mzima, maana kinabadilisha namna ya kukulaza na kukulinda na usaha. Ndugu wawili watatu waende kuchangia damu mapema, wasitafutwe asubuhi ya siku yenyewe.

Mwenye NHIF au bima nyingine aulize dirishani kwa jina la kifaa: kifurushi changu kinalipia vyuma vya nje, au upasuaji tu? Mwenye kadi ya CHF aulize inaishia ngazi gani ya hospitali. Asiye na chochote aende ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya kulazwa, na barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji mkononi. Ukienda baada ya bili kutoka, unakwenda kuomba kusamehewa deni, na foleni yake ni ndefu. Lipa kaunta kwa namba ya malipo, dai risiti. Hela iliyoingia mfukoni mwa mtu haina risiti wala rufaa.

Sasa mfano wa hesabu, wa kubadilisha kwa bei zako. Dereva bodaboda anayebaki na 10,000 kwa siku baada ya hesabu ya bosi, siku 26 kwa mwezi, miezi 8 ya vyuma: amepoteza 2,080,000. Chumba cha 50,000 kwa miezi mitatu: 150,000. Bajaji ya kliniki 8,000 kwenda na kurudi, kliniki kumi: 80,000. Hapo hatujala, hatujapiga picha, hatujamhesabu mke aliyeacha genge lake ili kuuguza. Mapato yaliyopotea yanazidi vyote vingine kwa mbali, ndiyo maana daktari anayekupunguzia mwezi mmoja amekusaidia kuliko anayekupunguzia laki moja.

Kuandaa nyumba na mwili

Spana ya kugeuzia nati isiwe sababu ya kulipa. Pete nyingi zina nati za spana namba 10, ileile ya fundi pikipiki. Thibitisha na daktari, nunua mbili, moja ikae kwa jirani. Chora jedwali la kugeuza mara nne kwa siku kwenye daftari, kila mzunguko utiwe alama, na daftari liende kliniki.

Matundu husafishwa kama mlivyofundishwa, kwa maji yaliyochemshwa yakapoa au dawa mliyopewa. Maji ya ziwa hapana, hata ya kuogea mguu huo. Kichocho na vijidudu vingine havijali kwamba umelipa. Mvuvi ajue mapema: mtumbwi ataupangisha au kumwachia ndugu kwa muda wote wa vyuma.

Choo cha kuchuchumaa hakiwezekani ukiwa na vyuma vya paja. Seremala wa mtaani anatengeneza kiti chenye tundu kwa bei ndogo. Agiza kabla ya kulazwa. Magongo ya mbao ni rahisi na hudumu, ila ni mazito na lazima yakatwe kwa urefu wako. Ya aluminiamu hurekebishika na huuzika tena. Yoyote utakayochukua, kagua raba ya chini. Ikiisha, sakafu ya saruji yenye maji itakuangusha. Suruali mbili za zamani mpe fundi cherehani azipasue pembeni na kuweka kamba au vifungo. Kwa mwanamke, kanga na sketi pana zinatosha.

Kwa vyuma vya muundi, kisigino huanza kuinuka kimyakimya. Ukanda wa tyubu ya baiskeli kutoka kwenye pete hadi mbele ya ndala, ukiuvuta mguu juu, ni kinga ya bei ya maandazi. Mtaalamu wa fiziotherapia akuonyeshe unavyofungwa. Mazoezi ya goti na kifundo ni ya kila siku, yanauma, na hakuna hela inayoyanunua kwa niaba yako.

Chakula: usikimbilie makopo ya unga wa mifupa ya duka la dawa. Dagaa wa Mwaloni, wanaoliwa na mifupa yao, maharage, maziwa, mayai ukipata, na jua la asubuhi. Sigara iache wiki kadhaa kabla, kwa sababu huchelewesha mfupa kuota, na kila wiki ya kuchelewa ni kodi ya chumba. Dawa za maumivu usijinunulie. Baadhi daktari hatazitaka wakati mfupa unaota.

Vyuma vikitoka, mfupa mpya bado unaweza kuvunjika. Tarajia wiki kadhaa za P.O.P au gongo, na daktari ndiye atakayesema lini urudi kwenye pikipiki. Kwa hiyo usichukue mkopo wa kausha damu kwa ajili ya upasuaji huu. Marejesho yake yanaanza wiki ijayo na wewe utaanza kupata hela mwakani. Kama kikundi chenu cha VICOBA kinakubali, omba mkopo ambao rejesho la kwanza linaangukia miezi miwili baada ya tarehe ya kutoa vyuma, iandikwe kwenye kitabu cha kikundi, na mdhamini wako aisome kabla ya kutia sahihi.